Ukihamia Kompyuta Mpya, Beba Ufunguo, Acha Daftari

Kompyuta ikifa ghafla, mafaili yako yaliyosawazishwa kwenye kompyuta nyingine hayapati dhara lolote. Hatari huja siku chache baadaye, mwenyewe akiwa na mashine mpya mezani, diski ya nje mkononi na haraka ya kurudi kazini. Mashine iliyokufa haiwezi kufuta kitu kwingine. Mashine mpya iliyowashwa bila mpango inaweza, tena kimya kimya, kwa kasi yote ya Wi-Fi yako.

Nazungumzia programu za kusawazisha mafaili, zile zinazofanya folda ya kompyuta ya nyumbani ifanane na ya ofisini muda wote. Ukiandika barua huku, kule inaonekana. Ukibadili jina la picha kule, na huku linabadilika. Na ukifuta huku, kule nako kunafutwa. Watu hukumbuka hayo mawili ya kwanza, wakasahau la tatu, kisha wakaziita folda hizo bekapu. Hilo la tatu ndilo linalowaliza siku ya kuhama.

Kwa wanaotumia Google Drive, OneDrive au Dropbox, kuhama ni kazi nyepesi na nitaipita haraka. Utambulisho wako huko ni akaunti: barua pepe, nywila, na mara nyingi namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu. Kabla ya kuizima mashine ya zamani, hakikisha laini iliyosajiliwa kwenye akaunti hiyo bado iko mikononi mwako, maana mtu anaweza kugundua kwamba namba yake ilishafungwa pale tu anapoombwa kuingiza tarakimu zilizotumwa huko. Jambo la pili ni la OneDrive hasa. Faili linaweza kuonekana ndani ya folda na lisiwemo kwenye diski. Alama ndogo ya wingu kando ya jina lake inakuambia kwamba lipo kwenye seva za Microsoft peke yake. Ukiinakili folda hiyo kwenda diski ya nje bila intaneti, mafaili hayo hayatakuja. Ukiinakili ukiwa na intaneti, yatapakuliwa kwanza yote, kwa bando lako. Ni afadhali uingie kwenye akaunti yako katika mashine mpya na kupakua yale tu unayoyahitaji. Tatu, ukifuta kwa bahati mbaya, una siku 30 za kukiopoa kilichofutwa kwenye Google Drive, na ni siku 30 vilevile kwa akaunti za binafsi za OneDrive na za kawaida za Dropbox. Siku hizo zikipita, basi.

Syncthing ni habari nyingine kabisa, na ndiyo inayostahili kurasa hizi. Ni programu huria ya bure iliyoanzishwa na Jakob Borg wa Sweden na kutolewa kwa umma mwishoni mwa 2013. Haina akaunti, wala haina seva inayotunza mafaili yako. Kompyuta zako huongea zenyewe kwa zenyewe, na mazungumzo yao yamefumbwa ili anayesikiliza njiani asielewe kitu. Zikiwa kwenye ruta moja, mafaili hupita humo humo ndani bila kugusa bando, hata kama intaneti imekatika tangu asubuhi. Kwa ofisi ndogo, studio, shule au parokia inayolipia intaneti kwa kubana matumizi, sijaona kitu kinachoifaa zaidi. Lakini uhuru huo una gharama yake: hakuna kitufe cha "nimesahau nywila", na hakuna huduma kwa wateja ya kuipigia simu. Utambulisho wa kila mashine umo ndani ya mashine yenyewe. Ukiutupa, umeutupa.

Tuchukue studio ya picha mjini Morogoro. Kuna kompyuta ya mezani dukani, kompyuta mpakato ya mwenye studio nyumbani, na simu yake. Folda moja ina picha za harusi zenye ukubwa wa GB 300, nyingine ina hesabu na ankara. Kompyuta mpakato imechoka, na mwenyewe amejipatia nyingine ya mtumba iliyotoka Dubai. Afanyeje?

Kwanza aelewe ni nini hasa anachokihamisha. Mbali na picha zenyewe, Syncthing ina folda yake ya siri. Kwenye Windows imo ndani ya AppData\Local\Syncthing chini ya jina la mtumiaji. Kwenye Mac imo kwenye Library/Application Support/Syncthing. Kwenye Linux, matoleo ya miaka ya karibuni huiweka katika .local/state/syncthing na yale ya zamani katika .config/syncthing. Folda hizi kwa kawaida zimefichwa, kwa hiyo usishangae usipoziona. Washa kwanza uwezo wa kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Ukiifungua utakuta mafaili mawili madogo, cert.pem na key.pem. Yote mawili kwa pamoja hayajazi hata sehemu ndogo ya flashi, lakini ndiyo roho ya mashine hiyo. La kwanza ni cheti, la pili ni ufunguo wa siri. Syncthing hukichukua cheti, ikakipitisha kwenye hesabu iitwayo SHA-256, na jibu lake ndilo linalokuwa kitambulisho cha kifaa: ule mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu 56, uliogawanywa katika mafungu 8 ya alama 7. Kitambulisho hicho si siri. Unaweza kukituma kwa WhatsApp na hakuna atakayeingia kwako nacho, kwa sababu ni lazima pande zote mbili zikubaliane kwanza. Siri ni key.pem. Mwenye faili hilo anaweza kujifanya kompyuta yako mbele ya kompyuta zako nyingine zote, nazo zitamkabidhi picha na hesabu bila kuuliza.

Kando ya hayo kuna config.xml, yenye mipangilio: folda zipi zinasawazishwa, zipo wapi kwenye diski, zinashirikishwa na vifaa vipi. Hili linafaa kutunzwa, ingawa hata likipotea unaweza kuyapanga upya mambo yake kwa jioni moja, mradi unakumbuka ulivyokuwa umepanga. Nalo lisiachwe ovyo, kwani ndani yake mna namba ya siri inayoziruhusu programu nyingine kuiamuru Syncthing yako.

Halafu kuna hifadhidata. Katika matoleo ya zamani ni folda inayoitwa index-v0.14.0.db; tangu toleo la 2.0 lililotoka Agosti 2025, ambalo lilihamia kwenye mfumo wa SQLite, jina lake ni index-v2. Hii ndiyo sehemu kubwa kuliko zote ndani ya folda ile, na kwa kuwa ni kubwa watu hudhani ndiyo muhimu zaidi. Ni kinyume chake. Hii ndiyo ya kuiacha.

Sababu ni hii. Hifadhidata ya Syncthing ni kama daftari la mahudhurio la mwalimu: ina jina la kila faili ambalo mashine hii iliwahi kuwa nalo. Syncthing inapoamka hupita kwenye folda ikiita majina. Jina lililomo daftarini lakini faili lake halipo kwenye folda lina maana moja tu kwake, kwamba mwenyewe amelifuta, na habari hiyo hupelekwa kwenye vifaa vingine ili navyo vifute. Sasa fikiria mwenye studio wetu amenakili folda yote ya Syncthing kwenda mashine mpya, daftari likiwemo, akaiwasha programu wakati diski ya nje bado iko katikati ya kuhamisha picha. Daftari linasema kuna maelfu ya picha. Folda ina mia chache. Kompyuta ya dukani itapata taarifa kwamba hizo nyingine zote zimefutwa nyumbani, na itatii.

Syncthing yenyewe imeweka kinga dhidi ya balaa hili: kijifolda kilichofichwa kiitwacho .stfolder ndani ya kila folda inayosawazishwa. Ikikikosa, husimamisha kazi ya folda hiyo na kulalamika kwa maandishi mekundu badala ya kudhani kwamba vyote vimefutwa. Kinga hiyo ni nzuri pale diski nzima inapokuwa haijachomekwa. Haisaidii ikiwa kijifolda hicho ndicho kilichonakiliwa mwanzo kabisa na picha bado zinakuja nyuma yake. Na kuna watu ambao, wakiona lile onyo jekundu, hukiunda kijifolda hicho kwa mkono ili onyo liondoke. Onyo likitokea, kwanza uliza mafaili yako wapi.

Mashine isiyo na daftari haina cha kudai. Folda yake ikiwa tupu, yenyewe huiona kama folda tupu inayosubiri kujazwa, na haiambii kompyuta ya dukani ifute hata picha moja. Kazi ya kujenga daftari jipya inaifanya yenyewe kwa kuyasoma mafaili upya. Hiyo ndiyo maana ya kichwa cha makala haya.

Sasa linakuja swali ambalo wengi hulirukia bila kulifikiria: je, mashine mpya irithi utambulisho wa ile ya zamani, au ipate wake? Jibu linategemea kilichoipata ya zamani.

Kama bado inafanya kazi, ushauri wangu ni ipate utambulisho mpya. Wapo mafundi wazuri watakaokuambia unakili cert.pem, key.pem na config.xml, maisha yaendelee kana kwamba hakuna kilichobadilika. Inawezekana, na inaokoa dakika chache. Lakini mashine mbili zenye kitambulisho kimoja hazitakiwi kuwa hewani kwa wakati mmoja hata kidogo. Kompyuta ya dukani itakuwa inaongea na "mtu" mmoja mwenye folda mbili tofauti, na matokeo yake hayatabiriki. Kwenye familia au ofisi, mashine ya zamani mara nyingi haizimwi moja kwa moja. Mtoto anaichukua afanyie kazi za shule, au fundi anaiwasha kuijaribu, na Syncthing iliyokuwa imepangwa kuanza yenyewe inaanza.

Kama ya zamani imekufa na unayo nakala ya ufunguo, rejesha utambulisho wake. Vifaa vingine vitamtambua mwenzao wa zamani na kumpokea bila wewe kwenda kwenye kila kimoja kubofya kibali. Faida hii huonekana hasa kama vifaa viko mbali: kimoja Morogoro, kingine kwa dada yako Muscat, na hakuna wa kukigusa kule.

Kama imeibiwa, usirejeshe. Mwizi anao ufunguo ule ule. Ingia kwenye kila kifaa kilichobaki, kiondoe kile kilichoibiwa kwenye orodha ya vifaa, siku hiyo hiyo, kisha mashine mpya ianze na utambulisho mpya. Hapa sioni nafasi ya mjadala.

Turudi Morogoro, ambako mashine ya zamani ingali hai. Kabla ya kugusa chochote, mwenye studio aiache iwake pamoja na ile ya dukani mpaka kila folda iandike kwamba imefikia hali ya sasa, "Up to Date". Picha iliyohaririwa juzi usiku ambayo haijafika dukani ndiyo itakayopotea. Aangalie pia matoleo ya programu. Mashine mpya iwe na toleo sawa na la zamani au la mbele yake. Mipangilio iliyoandikwa na toleo jipya hukataliwa na toleo la zamani. Na kama dukani bado kuna toleo la 1, siku ya kuhama si siku ya kupandisha kwenda la 2, kwa sababu mara ya kwanza linapoanza hulazimika kuihamisha hifadhidata nzima, kazi inayoweza kuchukua muda mrefu kwenye folda kubwa. Fanya moja, litulie, ndipo ufanye jingine.

Kisha apige picha ya skrini ya ukurasa wa Syncthing, ule unaofunguka kwenye kivinjari kwa anwani 127.0.0.1:8384, folda zote zikiwa zimekunjuliwa. Picha hiyo itamwonyesha kila folda ina kitambulisho gani, aina gani na inashirikishwa na nani. Siku ya kuhangaika inafaa kuliko maelezo marefu.

Picha za GB 300 asizisubiri kwa Wi-Fi. Ikiwa mtandao wa nyumbani unapitisha MB 10 kwa sekunde, ni zaidi ya saa 8 bila kukatika, na sote tunajua umeme wetu. Diski ya nje inayoandika MB 100 kwa sekunde hufanya kazi hiyo kwa chini ya saa moja kila upande. Kwa hiyo: aizime Syncthing kabisa kwenye mashine ya zamani, anakili folda za picha na hesabu kwenda diski ya nje, kisha kutoka diski kwenda mashine mpya. Anakili na vilivyofichwa pia, hasa faili la .stignore kama analo. Faili hilo lina orodha ya vitu visivyosawazishwa, na Syncthing hailipeleki kwenye vifaa vingine. Kila mashine ina lake. Likiachwa nyuma, utashangaa takataka zote ulizokuwa umezizuia zikimiminika.

Kwa kuwa mashine ni ya mtumba, kabla ya kuendelea atazame saa na tarehe. Betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama ikiwa imekufa, kompyuta ikikaa bila umeme huamka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Jambo hili linaonekana dogo, lakini Syncthing inapokuta faili moja limebadilishwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, hulinganisha tarehe: lenye tarehe ya zamani zaidi hubadilishwa jina na kuongezwa maneno sync-conflict. Saa mbovu itafanya kazi ya leo ionekane ya kale, na kila unapogongana na dukani utashindwa wewe. Betri hiyo ni kitu cha bei rahisi kwa fundi yeyote.

Sasa asakinishe Syncthing kwenye mashine mpya. Itajitengenezea ufunguo na cheti chake yenyewe. Atachukua kitambulisho chake, atakiongeza kwenye kompyuta ya dukani, na kutoka dukani atashirikisha zile folda. Mashine mpya itauliza kama ikubali. Hapa ndipo pa kutulia. Syncthing itapendekeza mahali pake pa kuweka folda. Asikubali tu, aandike mahali alipokwisha kuzinakili picha. Na kwenye aina ya folda achague "Receive Only", yaani ipokee tu. Ikiwa hivyo, mashine mpya haiwezi kupeleka badiliko wala ufutaji wowote dukani, hata mambo yakiharibika. Ni uchaguzi unaobofywa mara moja, na ningependa kila anayehama aanzie hapo.

Asitengeneze folda mpya mwenyewe kwa kuipa jina lile lile. Jina la kuonekana halina maana yoyote kwa Syncthing. Kinachounganisha folda mbili ni kitambulisho chake, na folda mpya hupewa kingine kabisa. Atabaki na folda mbili za "Harusi" zisizojuana, akijiuliza kwa nini hakuna kinachotembea.

Baada ya hapo mashine itaanza kusoma. Itapita kwenye GB 300 zote, ikikata kila faili vipande vya kuanzia KB 128 hadi MB 16 kutegemea ukubwa wake, na kukipa kila kipande alama yake. Feni italia, na kwa muda hakuna kitakachoonekana kusogea. Iache, ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Ikimaliza italinganisha alama zake na za dukani, na itavuta vile vipande tu vinavyotofautiana. Kama kunakili kulikwenda vizuri, bando halitasikia kitu.

Ikishasema imefikia hali ya sasa, angalia kama inalalamika kwamba kuna vitu vilivyobadilika upande wako. Itakuonyesha kitufe cha "Revert Local Changes". Usikibofye kabla hujaifungua hiyo orodha na kuisoma, kwa sababu kitufe hicho hufuta kila kilichopo kwako na hakipo kwa wengine. Kama humo mna picha ambazo hazikuwahi kufika dukani, zimekwenda. Zinakili pembeni kwanza. Orodha ikiwa safi, rudisha aina ya folda kuwa "Send & Receive", na umemaliza. Simu nayo iunganishwe na mashine mpya kwa njia hiyo hiyo. Wenye Android wajue kwamba programu ya Syncthing iliyokuwa rasmi huko ilisitishwa, toleo lake la mwisho likiwa la Desemba 2024. Walio wengi wamehamia Syncthing-Fork.

Kwa aliyefiwa na mashine na anarejesha utambulisho, mambo machache yanatofautiana. Sakinisha programu, iwashe mara moja ili ijenge folda yake, izime. Zima na Wi-Fi. Weka cert.pem, key.pem na config.xml za zamani mahali pa zile mpya, na folda ya hifadhidata iliyojitengeneza uifute. Kabla ya kuiwasha tena, fungua config.xml kwa kihariri cha maandishi cha kawaida na usome mahali pa kila folda. Kama zamani ulikuwa C:\Users\mama na sasa Windows mpya imekupa C:\Users\studio, kila njia humo ni ya uongo na lazima irekebishwe. Aliyetoka Windows kwenda Linux ana kazi zaidi, kwani hata mtindo wa kuandika njia hizo ni tofauti. Badilisha na aina ya kila folda iwe ya kupokea tu, ndipo uwashe, utazame, na mwisho kabisa urudishe Wi-Fi.

Ikiwa kilichokufa ni ubao mama na diski ni nzima, fundi anaweza kuitoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine, na ufunguo wako utakuwemo humo. Ila kwenye Windows nyingi za siku hizi diski imefungwa kwa BitLocker, hata kama mwenyewe hukuwahi kuiwasha kwa kujua. Diski ikihamia mashine nyingine itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha kompyuta. Utafute leo, wakati kompyuta ingali inawaka.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata waliohama salama. Wiki imepita, mtu anagundua ankara moja imeharibika, na kwenye diski ya nje ana nakala ya folda yote ya miezi mitatu nyuma. Anainakili folda yote hiyo juu ya ile inayosawazishwa. Kwa Syncthing, kila faili lililobadilika baada ya daftari kuandikwa ni kazi mpya ya mwenyewe, hata kama tarehe yake ni ya zamani. Miezi mitatu ya hesabu za dukani inafunikwa na hesabu za zamani ndani ya dakika. Nakala ya akiba irejeshwe siku zote kwenye folda ya pembeni isiyosawazishwa. Humo utafute faili unalolitaka, ulihakiki, kisha ulipeleke hilo moja tu.

Utaniambia Syncthing ina uwezo wa kutunza matoleo ya zamani ya mafaili. Inao, na uuwashe. Lakini soma masharti yake: hutunza kile kinachofunikwa au kufutwa kwa sababu ya badiliko lililotoka kifaa kingine. Unachokifuta mwenyewe kwenye mashine uliyoikalia, mashine hiyo haikitunzi. Kwa hiyo uuwashe dukani ili kuokoa makosa ya nyumbani, na nyumbani ili kuokoa makosa ya dukani, na bado ujue hujapata bekapu. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh inatosha hapa: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Folda mbili zinazosawazishwa nazihesabu kuwa nakala moja, kwa kuwa kosa moja linaziua zote. Diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki na kuchomolewa ndiyo ya pili. Ya tatu iende kwa ndugu unayemwamini au kwenye wingu.

Ufunguo wenyewe uutunzeje? Weka cert.pem, key.pem na config.xml ndani ya faili moja lililofungwa kwa nywila, kwa 7-Zip kwa mfano, au uvibandike ndani ya KeePassXC kama unaitumia kutunza nywila. Nakala moja kwenye flashi ya kabatini, nyingine mbali na nyumba. Usiviweke wazi ndani ya folda unayoisawazisha na vifaa vya watu wengine. Ufunguo haubadiliki kila siku, kwa hiyo kazi hii unaifanya mara moja. Mipangilio ndiyo utakayoinakili upya kila unapoongeza folda au kifaa.

Mwisho, mashine ya zamani. Kabla ya kuiuza au kumpa mtu, iondoe kwenye orodha ya vifaa dukani na kwenye simu. Usitangulie kufuta picha ndani yake huku Syncthing ikiwa bado inafanya kazi. Unajua sasa zitafutwa wapi kwingine. Ondoa programu, kisha tumia uwezo wa Windows wa kuirudisha kompyuta ilivyotoka kiwandani, ukichagua kufuta kila kitu na kusafisha diski. Mnunuzi wa mtumba hana haja na ufunguo wako, wala na picha za harusi za wateja wako. Na kama makala haya unayasoma kwenye kompyuta yenye Syncthing, tafuta cert.pem na key.pem sasa hivi, kabla hujaizima.